Hukumu ya Sahani

Msomaji, hakuna mahakama ipitishayo hukumu kwa haraka kama kinywa cha mwanadamu. Kitabu hufunuliwa kurasa chache kabla hakijatupwa, na mgeni huulizwa jina lake na atokako kabla hajapendwa au kuchukiwa. Lakini chakula huhukumiwa kwa kutazamwa tu, mara nyingine hata kabla hakijanuswa. Mtu husema, "Hiki ni kibaya," na neno lake huwa mwisho wa kesi. Akiulizwa sababu hushangaa, kana kwamba ulimi hauna wajibu wa kujieleza kwa mtu yeyote.

Katika somo la fasihi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba hukumu isiyo na sababu si uhakiki. Mwanafunzi akiandika kwamba shairi fulani halifai, mwalimu humwuliza: halifai kwa jambo gani, na halimfai nani? Katika insha hii nataka tuyachukue maswali hayo mawili tuyapeleke jikoni. Tuihakiki sahani kama tuhakikivyo shairi: tuangalie ilikusudiwa kufanya kazi gani, imeitimiza kwa kadiri gani, na imemfikia nani. Sahani niliyoichagua ni ile ambayo, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ina washtaki wengi na mawakili wachache. Ni sahani ya bamia, pamoja na mboga inayofanana nayo kwa tabia, yaani mrenda.

Sikuichagua kwa mzaha. Shule nifundishayo iko karibu na Eneo la Viwanda, na wanafunzi wetu wengi hutoka katika vyumba vya Mukuru na katika mitaa ya kale kama Kaloleni na Makongeni. Miaka michache iliyopita, wakati wa chakula cha mchana, nilimwona mvulana wa kidato cha kwanza ameketi peke yake, na kopo lake la chakula limefunikwa mbele yake. Nilimwuliza, "Mbona huli, mwanangu?" Akanijibu, "Sina njaa, Mwalimu." Nyuma yake walikuwa wenziwe watatu wakicheka kimya kimya, na mmoja wao alikuwa akivuta vidole vyake hewani kama mtu avutaye uzi mrefu unaonata. Hapo nikafahamu kilichokuwa ndani ya lile kopo. Kulikuwa na ugali na mrenda.

Ningaliweza kuwakemea wale watatu, na kwa kweli niliwakemea. Lakini maneno yangu hayakuwa na nguvu, kwa sababu dhamiri yangu haikuwa safi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wenzangu walipoulizana jioni kila mtu kwao hula nini, mimi nilitaja wali, nyama na chapati. Sikuutaja mrenda, ambao mama yangu alinilea nao na ambao niliutamani kila nilipougua. Hakuna aliyenilazimisha kusema uongo ule. Hofu ya kicheko ilitosha. Nilipomwona yule mvulana amelifunika kopo lake, nilijiona mimi mwenyewe. Mtoto achekwaye kwa chakula chake huona kwamba wamechekwa mama yake aliyekipika na kwao kilikotoka. Ndiyo maana nasema hukumu ya sahani si jambo dogo.

Sasa na tuisikilize kesi kwa haki. Mhakiki mwema huyaeleza mashtaka kwa nguvu zake zote kabla ya kuyajibu. Washtaki wa bamia na mrenda husema mambo matatu. Kwanza, mboga hizi zina ute unaonata na kuteleza, na jambo hilo linachukiza. Pili, ni chakula cha shamba na cha watu maskini, wala hakimfai mtu aliyekwisha kuwa wa mjini. Tatu, hata zikisamehewa makosa hayo mawili, hazina ladha ya kumfanya mtu azikumbuke.

Tuanze na ute, kwa kuwa ndio shahidi mkuu wa mashtaka. Ute wa bamia ni aina ya sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, ambazo zikikutana na maji huyafanya yawe mazito na yenye kuvutika. Mmea huutumia ute wake kuhifadhi maji. Jambo hilo ni la maumbile, wala si la uchafu. Lakini mhakiki hatosheki na sayansi peke yake. Lazima aulize: ute huu hufanya kazi gani katika sahani?

Ili kupata jibu, twende pamoja saa saba ya mchana kwenye vibanda vya chakula vilivyo pembezoni mwa barabara za Eneo la Viwanda. Malango ya viwanda hufunguka, na wafanyakazi hutoka wakiwa na vumbi la unga wa ngano, la chuma au la saruji juu ya nguo zao. Hukaa juu ya mabenchi ya mbao. Mbele yao huletwa ugali mgumu, uliopikwa ukashikana vema hata ukaweza kukatwa kwa kisu. Ugali wa namna hiyo ni mkavu. Humshibisha mtu, lakini haushuki kooni bila msaada. Yule apewaye sukuma wiki iliyokaangwa kavu huitisha maji au supu ya bure ili ateremshe tonge. Yule apewaye mrenda haitishi kitu. Hulichovya tonge lake, nalo hupita kooni bila taabu. Hiyo ndiyo kazi ya ute. Umewekwa pale kuuchukua ugali, kama mafuta yachukuavyo gurudumu la mashine. Mtu autoaye ute katika mrenda ili aupendezeshe ni sawa na mtu aondoaye vina katika shairi la kale ili lisomeke upesi: hubakiwa na maneno, lakini mwendo wake hauko tena.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila, na mimi sikuja hapa kuwa wakili asiyeona kosa. Ute wafaa mahali pake tu. Mrenda juu ya wali ni ndoa isiyopendeza, maana wali una ulaini wake tayari, na ute huugeuza kuwa uji. Bamia iliyotokoswa katika maji mengi bila kiungo, ikaachwa jikoni hata rangi yake ya kijani ikawa ya majivu, ni chakula kibaya, na mtu aikataaye hajakosa adabu. Nimekula bamia ya namna hiyo mara nyingi katika vibanda, na naamini kwamba nusu ya chuki iliyopo mjini ilizaliwa katika masufuria hayo. Lakini tazama, msomaji, jinsi tuendavyo makosa: tukiona shairi lililosomwa vibaya tunamlaumu msomaji wake, tukiona bamia iliyopikwa vibaya tunailaumu bamia.

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili na jirani yangu, mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Majengo, Pumwani, ambako upishi wa pwani umekaa kwa vizazi kadhaa. Siku moja alinikuta nikikata bamia zilizokuwa zikitiririka maji, akacheka kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "bamia haipendi maji kabla ya moto. Ioshe mapema, uifute kwa kitambaa, uiache ikauke. Ndipo uikate."

Nikamwuliza, "Na ute wake, mama, niufanyeje?"

"Ute uko chini ya amri yako," akanijibu. "Ukiutaka, uite kwa maji. Usipoutaka, ufukuze kwa moto na ndimu."

Katika maneno hayo machache kuna nusu ya elimu ya bamia. Alinionyesha hivi: robo kilo ya bamia changa, zisizozidi urefu wa kidole, zilizokatwa vipande vinene. Vijiko vitatu vya mafuta katika karai pana, moto mkali, na bamia kutiwa zikiwa kavu. Zikaangwe bila kifuniko kwa muda wa dakika nane hivi, zigeuzwe kwa upole, maana kukoroga sana huuamsha ute. Kitunguu kimoja kifuate, kisha nyanya mbili, na mwisho kabisa maji ya nusu ndimu. Chumvi itiwe mwishoni, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka katika mboga. Uchachu wa nyanya na wa ndimu huupunguza ute. Watu wa pwani hupata kazi hiyohiyo kwa ukwaju. Waasia wa Nairobi nao hukausha bamia zao vivyo hivyo, wakaongeza bizari. Bamia ipikwayo hivi hubaki kijani, hutafunika, na ute wake huwa kidogo tu, wa kuishikanisha na mchuzi.

Mpishi wa mrenda hufuata njia iliyo kinyume kabisa. Yeye huchemsha maji, akatia chembe ya magadi, ndipo atie majani ya mrenda, aghalabu pamoja na majani ya kunde ili mboga iwe na kitu cha kutafunwa. Magadi hulainisha majani, huhifadhi rangi yake ya kijani, na huupandisha ute badala ya kuushusha. Katika nyumba nyingine za magharibi ya Kenya hutumiwa maji yaliyochujwa katika majivu, nayo hufanya kazi ileile. Hapa pia kuna kiasi: magadi yakizidi, mboga huwa na ladha ya sabuni, na vitamini C iliyomo huharibika.

Basi tuna namna mbili za upishi zilizosimama kila mmoja upande wake. Moja huuficha ute, na nyingine huutangaza. Ipi ni bora? Mimi nasema zote mbili ni njema, kwa sababu kila moja inajua itakalo na imelifuata hadi mwisho. Iliyo mbaya ni sahani isiyoamua: bamia iliyotiwa maji kidogo, ikakorogwa kidogo, ikaachwa katikati ya mchuzi na ukavu. Hali hii tunaikuta katika maandishi pia. Mwandishi anaweza kusema kwa kificho au kusema waziwazi, na akafaulu katika njia yoyote. Lakini asiyejua atakalo huchosha.

Tuje kwenye shtaka la pili, kwamba hiki ni chakula cha shamba. Shtaka hili lina sura ya ladha, lakini ukilikwaruza kidogo utaona kwamba chini yake kuna historia. Tuangalie kwanza kile kihesabiwacho kuwa chakula cha mjini. Mahindi tupikiayo ugali asili yake ni bara la Amerika. Yaliletwa Afrika baada ya Wazungu kufika huko mwishoni mwa karne ya 15. Kabla yake babu zetu walisonga ugali wa mtama na wa wimbi. Sukuma wiki, ambayo jina lake lenyewe laeleza kazi yake ya kumfikisha mtu mwisho wa juma, ni ya jamii ya kabichi, nayo asili yake ni Ulaya na nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania. Hao ni wageni waliopokewa vema, nami sina ugomvi nao. Lakini mrenda umekuwa ukiliwa Afrika tangu zamani sana, na bamia wataalamu wengi huihesabu kuwa ya asili ya Afrika au ya nchi zilizo jirani nayo. Ni ajabu mgeni kuitwa mwenyeji, na mwenyeji kuitwa mshamba.

Ajabu hiyo ina sababu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulianza kukua, na baadaye viwanda vikajengwa upande wa kusini wa reli, na mitaa ya wafanyakazi ikawekwa karibu navyo. Katika sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu aliyekuja peke yake kwa muda. Alipewa mahali pa kulala, si nyumba ya kukaa na mkewe na watoto. Mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa kufikiria familia, ilikuwa michache. Sasa fikiri, msomaji: mrenda huchambuliwa jani kwa jani. Managu na saga vivyo hivyo, na uchungu wake huhitaji maziwa na muda wa kukaa ili upungue. Kazi hiyo huchukua jioni nzima, na wakati ule ilifanywa na wanawake waliobaki nyumbani, mamia ya kilomita kutoka viwandani. Mwanamume aliyetoka kazini usiku, mwenye jiko moja la makaa na wenzake watatu katika chumba kimoja, angeupata wapi muda huo? Alihitaji mboga ikatwayo kwa kisu mara moja na kuiva kwa dakika chache. Hivyo chakula cha mjini kikawa kile kilichowezekana kupikwa mjini. Na baada ya miaka mingi, kile kilichowezekana kikaanza kuitwa kizuri.

Hili ndilo neno langu kubwa katika insha hii. Mara nyingi hukumu tuidhaniayo kuwa ya ulimi ni hukumu iliyopitishwa zamani na kodi ya nyumba, na mshahara, na saa ya kiwandani. Sisi tumeirithi bila kuisoma. Mtoto anayemcheka mwenzake leo kwa ajili ya mrenda anarudia, pasipo kujua, sheria ya mji ambao haukutaka mama zetu waishi ndani yake.

Na kwingineko duniani je? Huko Misri, mmea huuhuu wa mrenda hupikwa kwa supu ya kuku au ya sungura pamoja na vitunguu saumu, huitwa mulukhiya, na huhesabiwa kuwa fahari ya taifa. Huko Nigeria Wayoruba huuita ewedu. Sudan hukausha bamia, huisaga unga, na kupikia mchuzi mzito. Wajapani hula bamia kwa ajili ya ute wake hasa, nao wana neno la kuusifu. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, mchuzi maarufu uitwao gumbo unasadikiwa kupata jina lake kutoka katika neno la lugha za Kibantu za Angola lenye maana ya bamia, ukumbusho wa Waafrika waliochukuliwa utumwani na kufika huko na ujuzi wao wa jikoni. Sitaji hayo ili tujivune. Nayataja kuonyesha kwamba ute wenyewe hauna aibu. Aibu huwekwa juu yake na watu, nao wanaweza kuiondoa.

Shtaka la tatu lasema kwamba mboga hizi hazina ladha ya kukumbukwa. Hapa yatupasa kutofautisha chakula cha kushibisha na chakula cha kutuliza. Chakula cha kushibisha tumbo kila mtu anakijua. Chakula cha kutuliza ni kile mtu akitakacho akiwa mgonjwa, au akiwa na msiba, au akiwa amerudi kutoka safari ndefu. Katika jengo moja la mitaa yetu utakuta vyakula vya namna hiyo vingi kama vile milango ilivyo. Kwa Mkikuyu yaweza kuwa githeri au mukimo. Kwa Mkamba, muthokoi. Kwa Mjaluo, omena na ugali wa wimbi. Kwa Mluhya, mrenda na kunde. Kwa mtu wa Majengo, bamia na nyama kwa wali wa nazi. Onja kila kimoja kwa ulimi wa mgeni, nawe utasema ni cha kawaida. Ladha yake haikai katika sahani peke yake. Nusu yake imo katika kumbukumbu ya mlaji. Mhakiki asiyeijua kumbukumbu hiyo anaweza kusema kweli juu ya chumvi na mafuta, lakini hajakisoma chakula chote.

Baada ya kuwajibu washtaki, sina budi kuwageukia na watetezi, kwa maana nao wana makosa yao. Siku hizi mboga za kienyeji zimepanda cheo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amezichunguza kwa miaka mingi, akaonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo; na mwaka 2021 UNESCO iliiweka katika orodha yake kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema. Hayo ni mambo ya heshima. Lakini wapo sasa wasemao kwamba mrenda na bamia huponya kila ugonjwa, na wapo wauzao sahani moja kwa bei ambayo mpishi wake mwenyewe hawezi kuilipa. Sifa iliyozidi ni ndugu wa dharau, kwa kuwa zote mbili hazikitazami kitu chenyewe. Bamia ina nyuzinyuzi na vitamini C, na yatosha kusema hivyo. Mgonjwa aende hospitali.

Niliona kwamba maneno peke yake hayatawafundisha wanafunzi wangu. Kwa hiyo Januari iliyofuata tulipanda bustani ndogo nyuma ya darasa. Jambo la kwanza lilikuwa kuamua tutapanda katika udongo gani na tutamwagilia maji gani. Mto Ngong, upitao katika Eneo la Viwanda, hubeba uchafu wa viwanda na wa majumbani, na watafiti wamekuta ndani yake madini mazito kama risasi. Mboga zinyweshwazo maji kama hayo huyavuta madini ndani ya majani, na kuyaosha majani hakuyaondoi. Msomaji uishiye karibu na viwanda, nakusihi ulikumbuke jambo hili: utajiri wa mboga hautokani na mbegu peke yake. Sisi tuliletewa udongo safi uliochanganywa na samadi iliyooza, tukautia katika magunia kumi na mawili, tukatumia maji ya bomba.

Mbegu za bamia tuliziloweka usiku mmoja, maana ganda lake ni gumu. Katika kila gunia tulitia mbegu mbili, kina cha sentimita mbili. Mrenda tuliupanda kandokando. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bamia hupenda joto kama la Kibwezi au la pwani. Kwetu huenda polepole, na ikipandwa ikakutwa na baridi ya Julai hudumaa kabisa. Januari na Februari zilitusaidia kwa jua lake. Mwezi wa Machi ulipofika tuliona maua ya kwanza, rangi ya manjano iliyofifia na moyo wa zambarau iliyokoza. Mwanafunzi mmoja alisema yanafanana na maua ya pamba, nami nikafurahi, kwa sababu bamia, pamba, na mrenda vyote wataalamu huviweka katika ukoo mmoja.

Baada ya ua kuanguka, tunda hukua kwa siku chache tu. Lazima lichumwe likiwa changa, kila baada ya siku mbili, la sivyo huwa gumu kama kamba. Tulikuwa na mpango mzuri wa kuchuma siku ya Ijumaa. Lakini mvua ya masika ikashuka, udongo mweusi wa upande wetu wa mji ukageuka tope linalovua mtu viatu, na hatukuifikia bustani hadi Jumanne. Tukachuma tulichokikuta, kikubwa kwa kidogo, tukakipika kwa mafunzo ya jirani yangu. Mrenda aliupika yule mvulana wa kopo, kwa namna alivyomwona mama yake akifanya. Hakuna aliyemwagiza.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba siku ile darasa zima liligeuka. Wengine walikula, wengine walionja kwa ncha ya kijiko. Yule kijana aliyewahi kuvuta vidole vyake hewani alichukua bamia, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, bado siipendi. Lakini hizi kubwa zimekomaa mno, zina nyuzi zisizotafunika. Ule mrenda ni afadhali, ila magadi yamezidi kidogo."

Yule mvulana wa kopo akaonja tena mrenda wake, akafikiri, akasema, "Ni kweli, magadi yamezidi. Mama huweka nusu ya haya."

Wakaendelea kubishana juu ya kiasi cha magadi hadi kengele ikalia. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nami nilifurahi kuliko kama wote wangalisifu. Kijana yule hakuipenda bamia, wala hakuna sheria inayomtaka aipende. Lakini alikuwa ameonja kabla ya kunena, alitoa sababu, na sababu yake ilikuwa sahihi. Na mwenziwe aliijibu bila kulifunika kopo lake.

Basi, msomaji, leo au kesho utawekewa mbele yako sahani usiyoizoea, iwe ni bamia, au omena, au muthokoi. Mkono wako utataka kuisukuma kando. Usikizuie kinywa chako kuhukumu; kihukumu, lakini kwanza kionje. Uliza sahani hiyo ilikusudiwa kuliwa na nini, imepikwa kwa ustadi au kwa uvivu, na ni nani aliyeketi mbele yako akikungojea useme neno. Ukiisha kujua hayo, sema upendavyo.